Kila alfajiri nawatumia watu 212 neno, mwenyewe nimekauka

*Mama, Bwana Yesu asifiwe.*

Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto wawili, na nimeokoka tangu nikiwa sekondari. Miaka mitatu iliyopita, nilipotoka kuugua, nilianza kuamka saa kumi na nusu alfajiri nisome Neno na kuomba. Siku moja nikaandika aya tatu kuhusu nilichosoma, nikamtumia dada yangu kwa simu. Dada akamtumia rafiki yake, na yule rafiki akaomba awe anatumiwa moja kwa moja. Ndivyo ilivyoanza. Sikuitafuta huduma hii, ilinifuata. Leo natuma "Tafakari ya Asubuhi" kwa watu 212, kila siku kabla ya saa kumi na mbili, na wengi wao sijawahi kuwatia machoni.

Shida ni kwamba siku hizi nikifungua Biblia nawinda. Macho yanapita juu ya mistari yakitafuta ule utakaokaa vizuri kwenye aya tatu na kumalizia kwa kutia moyo. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye Zaburi, nikafika ya 88. Nikaisoma yote nikingoja pale inapogeuka, pale mwimbaji anaposema "lakini Bwana ameniokoa". Hapakuwepo. Inaishia gizani. Nikairuka, nikarudi Zaburi ya 23, nikaandika kuhusu malisho ya majani mabichi. Ndiyo iliyopata amina nyingi kuliko zote wiki ile.

Nikishatuma naangalia nani amesoma na nani amejibu, kisha kumeshakucha, watoto wanataka shule na mimi nataka kazini. Nikijipigia hesabu ya kweli, ni kama miezi mitano sijaomba mimi na Mungu peke yetu, bila mtu wa kumwandikia. Ibadani nikipewa nafasi naomba mpaka watu wanalia. Nyumbani nikipiga magoti nasinzia.

Kuna kingine kinachoniaibisha zaidi. Asubuhi moja niliamka sina kitu kabisa. Nikachukua tafakari ya mtu mwingine niliyokuwa nimetumiwa zamani, nikabadilisha mwanzo, nikaondoa jina lake, nikaituma kama yangu. Nilijiambia ni leo tu. Sasa inafika mara mbili, tatu kwa wiki, na nashukuriwa.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni hili. Rafiki yangu tuliyeimba naye kwaya tangu usichana alifiwa na mtoto wake wa miaka sita. Mazishini nilikuwepo, nilimshika mkono. Siku ya tatu baada ya kuzika, tafakari yangu ilikuwa Yeremia 29:11, yale "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Nilikuwa nimeiandaa wiki moja kabla na kuipangia muda wa kutoka, hata sikukumbuka kuwa imo. Alijibu "Amina". Baada ya siku mbili akaandika: "Naomba uniondoe kwenye tafakari zako. Ukitaka kujua naendeleaje, nipigie."

Mama, kwanza nilikasirika. Nikamwambia mume wangu kwamba huyu ana uchungu na Mungu. Halafu nikaona aibu, na aibu hiyo imenifunga mikono. Ni wiki tatu sasa sijampigia.

Mume wangu anasema nisiache, kwamba ni shetani anaipiga vita huduma. Nikiacha, watu 212 watanielewaje? Nikiendelea, si ndio unafiki wenyewe? Na zile asubuhi za mwanzo, nilipokuwa nasoma mpaka machozi yananitoka, nitazipataje tena?

*Wako, Taa Bila Mafuta*

---

Asifiwe, binti yangu.

Weka simu hii chini kidogo. Au tuseme, ishike, lakini mpigie rafiki yako kwanza, ndipo urudi uendelee kusoma. Mengine uliyoniuliza yamekaa miezi mitano, yanaweza kungoja nusu saa. Mama aliyezika mtoto wa miaka sita amekwambia kwa maneno yasiyo na fumbo anachohitaji, "nipigie", na wiki tatu zimepita.

Usijiandae. Usitafute mstari. Mwambie, "Nilikukosea, na nimechelewa. Niambie unaendeleaje," kisha nyamaza, hata akinyamaza na yeye. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno (Ayubu 2:13). Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote waliyomfanyia. Walipofumbua vinywa ndipo walipoanza kumwongezea vidonda. Na wewe ulianza vizuri, ulikwenda mazishini ukamshika mkono. Siku ya tatu simu ikafumbua kinywa kwa niaba yako, wewe mwenyewe umelala.

Umepiga? Haya.

Sasa ule mstari wenyewe. Yeremia 29:11 umo ndani ya barua, na barua hiyo waliandikiwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Rudi nyuma kidogo tu, mstari wa tano, wanaambiwa wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani. Mstari wa kumi wanaambiwa muda: miaka sabini. Piga hesabu. Mtu mzima aliyesikia barua ile ikisomwa alijua atazikwa ugenini, na tumaini aliloahidiwa wataliona wajukuu. Sura ya 28, kabla tu ya barua hiyo, kuna nabii aitwaye Hanania, naye ana ujumbe mtamu sana: miaka miwili tu, kila kitu kitarudi. Naamini Hanania alipata amina nyingi kuliko Yeremia. Lakini aliyetumwa na Bwana alikuwa huyu wa miaka sabini.

Kwa hiyo ule mstari ungeweza kumfaa rafiki yako. Ni neno kwa watu waliopoteza kila kitu na ambao hawatarudishiwa kesho. Ila ulimfikia umekatwa kichwa na miguu, umevikwa nguo ya sherehe, siku ya tatu. Mstari ukishang'olewa kwenye barua yake unafanana na kadi ya pongezi, na hakuna anayempelekea mfiwa kadi ya pongezi.

Halafu kuna Mithali 27:14, ambayo sijui kama umewahi kuiandikia tafakari: abarikiye rafiki yake kwa sauti kuu, akiondoka alfajiri na mapema, itahesabiwa kuwa ni laana kwake. Nacheka kila nikiisoma. Inaelekea hata zama zile kulikuwa na watu wa kutuma baraka saa kumi na moja alfajiri.

Nakwambia haya bila kuidharau desturi ya neno la asubuhi. Ina mizizi. Mwaka 1728, kwenye kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, Wakristo wa Moravian walianza kupewa neno moja la kubeba siku nzima. Tangu 1731 maneno hayo huchapwa kitabu cha mwaka mzima, na hadi leo yanasomwa kwa lugha nyingi. Lakini mwanzoni neno lile lilikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba. Mtu alibisha hodi. Na mtu aliyebisha hodi anauona uso wa aliyefungua mlango. Akikuta macho yamevimba kwa kilio, hatasoma alichokuja nacho kana kwamba hakuona. Hilo ndilo simu imekunyima, kuuona uso mlangoni.

Nije kwenye kunakili. Hapo sitakubembeleza. Yeremia huyohuyo, sura ya 23 mstari wa 30, anasema Bwana yu kinyume cha manabii wanaompokonya kila mtu jirani yake maneno ya Bwana. Ulichukua kazi ya mtu, ukafuta jina lake, ukapokea shukrani zake. Kitu kizuri ni kwamba dhambi hii inatubiwa kwa dakika tatu. Kama unamjua mwenye tafakari zile, mwandikie umwambie. Na wale watu 212 waandikie ujumbe mfupi, usio na machozi wala mapambo. Hata huu unatosha: "Wapendwa, baadhi ya tafakari nilizowatumia miezi ya karibuni hazikuwa zangu, nilizichukua kwa wengine bila kuwataja. Nisameheni. Nasimama kutuma kwa muda, nahitaji kusoma na kuomba mwenyewe. Niombeeni." Ukiona mkono unataka kuongeza mstari wa Biblia mwishoni, uzuie.

Unaogopa watakuelewaje. Wachache watasema, ndiyo. Wengine watajibu "Ubarikiwe" bila hata kusoma, maana wamezoea kukujibu hivyo kila siku. Na wawili au watatu watakuandikia usiku, faraghani, wakwambie na wao wamekauka. Hao usiwape tafakari. Waulize habari zao.

Mumeo anakupenda na anaiona huduma yako, mshukuru. Lakini si kila kinachosimamisha huduma ni shetani. Elia alipolala chini ya mti wa mretemu akitaka kufa, malaika hakumkemea wala hakumtuma kuhubiri. Alimgusa, akamwambia inuka, ule. Elia akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na maneno yaleyale, akaongeza kwamba safari hii ni kubwa mno kwake (1 Wafalme 19). Wewe una kazi, una watoto, unalala saa ngapi? Hukuniambia, na nadhani unajua kwa nini hukuniambia. Zaburi 127:2 inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kulala kwamba kazi yao ni bure, kwa maana yeye humpa mpenzi wake usingizi. Kusinzia kwako magotini huenda hakuna siri yoyote ya kiroho ndani yake. Ni mwili unadai deni lake.

Sasa lile la taa bila mafuta. Ulipojiita hivyo nilikumbuka mwaka mmoja wa maisha yangu nilipokuwa nafundisha kina mama Biblia kila wiki. Nilikuwa na penseli mbili za rangi. Nyekundu nilipigia mstari kwenye maneno ya kuwafundisha wengine, ya bluu kwenye yale yaliyonigusa mimi. Siku moja natafuta kitu katika Isaya, napekua kurasa, naona nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikaanza kuitafuta ile ya bluu mezani, chini ya kitanda, kwenye mkoba. Sikuipata, na mbaya zaidi sikuweza kukumbuka nilikuwa nayo mara ya mwisho lini. Kwa hiyo nakuelewa. Sikuwa mnafiki, nilikuwa mpishi anayepakua sahani za watu akiwa amesimama, mpaka sufuria likaisha na yeye hajaonja.

Soma Kutoka 16 polepole. Kila asubuhi mana inaanguka, na kila mtu anaokota kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kichwa. Walioweka akiba mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Nafikiri tafakari iliyoandaliwa wiki moja kabla na kupangiwa muda wa kutoka ilikuwa mana ya jana, na rafiki yako ndiye aliyeisikia harufu. Lakini angalia pia mstari wa 16, wanaambiwa kila mtu aokote kwa ajili ya hao walio hemani mwake. Kuwaokotea wengine kunaruhusiwa, tena kumeagizwa. Swali langu ni je, hemani mwako mna watu wangapi? 212 si hema, ni kambi. Ukirudi kutuma siku moja, na sikukatazi kurudi, nadhani utarudi kwa watu ambao ukipita njiani unawatambua sura na unajua wamelalaje. Wawe kumi, wawe saba. Dada yako alikuwa mmoja, na ndipo neno lilipokuwa bichi.

Umeuliza utazipataje tena zile asubuhi za mwanzo. Zile zenyewe siwezi kukuahidi. Ulikuwa umetoka kuugua, na mtu aliyetoka kuugua hata maji ya kunywa huyaonja kwa namna nyingine. Asubuhi zinazokuja zitakuwa na ladha yake, pengine ndogo. Ninachoweza kukupa ni namna ya kukaa chini.

Tumia Biblia ya karatasi, simu ibaki chumba kingine. Kama unategemea simu ikuamshe, tafuta saa ya mezani. Usiamke saa kumi na nusu. Amka dakika ishirini tu kabla ya watoto. Chukua Injili ya Marko, ina sura 16, na usome kipande kimoja kila siku kwa mpangilio wake, bila kuruka. Kuruka ndiko kulikokuharibia. Soma kwa sauti, sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Unajua neno "huitafakari" katika Zaburi 1:2? Kwa Kiebrania ni hagah, na ni kitenzi kilekile kilichotumika Isaya 31:4 kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Yaani tafakari ya kwanza kabisa haikuwa aya tatu zilizopangika. Ilikuwa mdomo unaonguruma juu ya chakula. Simba akiwa na nyama hamwandikii mtu.

Na usiandike. Mwezi mzima, kalamu isiguse karatasi wakati wa kusoma. Litakujia wazo zuri, utajiambia hili lingewafaa watu, litakuwasha kama upele. Liache lipite. Kama ni chakula, litakuwa limeshaingia tumboni.

Kuomba kutakuwa kugumu kuliko kusoma, nakwambia mapema usishtuke. Umezoea kuomba watu wakiwa wanasikia, na sauti yako ikiwa peke yake chumbani itakuwa ngeni. Zaburi 5:3 mwimbaji anasema asubuhi atampangia Bwana dua yake na kutazamia. Kitenzi hicho cha kupanga ndicho kinachotumika kwa Ibrahimu alipopanga kuni juu ya madhabahu. Kuni zinapangwa kimoja kimoja, nazo ni baridi, kabla moto haujawaka. Basi panga. "Bwana, nimechoka. Bwana, nilimwibia mtu maneno. Bwana, mtoto wa rafiki yangu alikufa na mimi nilituma mstari." Sentensi fupi, kavu, za kweli. Ukikosa hata hizo, kaa kimya ukijua kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Warumi 8:26), na dakika zako zikiisha uende ukaamshe watoto.

Nimebakiza ile Zaburi ya 88 uliyoiruka. Ulisema inaishia gizani, na kweli inaishia hivyo, maneno yake ya mwisho ni mpenzi na rafiki waliotengwa naye, na wanaomjua wamo gizani. Sasa tazama mstari wa 13: "na asubuhi maombi yangu yatakuwasili". Ni sala ya asubuhi, binti yangu. Mtu yule hakuona nuru yoyote, na bado kulipokucha alikwenda kusema. Na wimbo wake haukutupwa. Kichwa cha zaburi kinaonyesha ulikabidhiwa kwa mwimbishaji, ukawekwa pamoja na nyimbo za wana wa Kora ili uimbwe. Wewe na rafiki yako mlikuwa kwaya moja. Akikuruhusu siku moja uende ukakae naye, chukua Biblia mkononi usiifungue. Akiuliza mwenyewe kama Mungu anavumilia mtu anayeongea naye kwa hasira, hapo ndipo umfungulie hiyo, umsomee yote mpaka mstari wa mwisho, na usiongeze kitu.

Niandikie baada ya mwezi. Kama ulisoma mpaka hapa bila kupiga ile simu, namba yake unayo.

*Mama*